Fizikia ya mwaka wa kwanza: Tusiwasukume watoto wetu kwenye njia ya mkato

Majuzi nilikuwa Mbita kwa shughuli za kifamilia. Jioni moja, jua likielekea kuzama upande wa Rusinga, alinijia mama mmoja auzaye omena sokoni, ameandamana na bintiye. Binti huyo alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki kana kwamba imebeba mayai. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu wa sayansi katika chuo kikuu, na nyumba nzima, kwa maelezo ya mamake, haikuwa imelala siku tatu kwa furaha.

Hata hivyo, ndani ya bahasha ile mlikuwa na fomu, na ndani ya fomu ile mlikuwa na mtihani ambao Baraza la Mitihani halitausahihisha kamwe. Binti alitakiwa achague masomo mawili ambayo atayasomea ili aje kuyafundisha. Aidha, alitakiwa aonyeshe ni kozi ipi ya fizikia atakayoanza nayo mwaka wa kwanza: ile isomwayo sako kwa bako na hisabati, au ile nyepesi wanayoichukua wanafunzi wa biolojia, kilimo na taaluma nyingine za viumbe.

"Mwalimu," mama akaniambia, "wewe umewafundisha watoto wa watu miaka mingi. Tuambie huyu achukue ipi, asije akarudishwa nyumbani nikachekwa soko zima."

Nakiri kwamba sikumjibu papo hapo. Jirani zake walikwisha kumpa jibu tayari: kozi nyepesi, na masomo ya kufundisha yawe biolojia na kemia, basi. Walikuwa na hoja zao, tena si hoja za kipuuzi. Mtoto akianguka mwaka wa kwanza hulazimika kurudia mitihani, na kurudia ni karo, ni nauli, ni kodi ya chumba. Mkopo wa Bodi ya HELB hauongezeki kwa sababu mtu amekwama kwenye hesabu za mwendo. Mama anayehesabu omena kwa debe hawezi kuambiwa kwamba suala la kozi ni la kitaaluma tu. Kwake ni suala la fedha.

Lakini hoja hizo nilizisikia pia mimi, zamani, na nikazifuata. Ndiyo maana nilinyamaza.

Mimi ni mmoja wa wale waliofanya mtihani wa kwanza kabisa wa KCSE, mwaka wa 1989. Kabla yetu, mtoto aliyetaka kusoma sayansi chuoni alipitia kwanza kidato cha tano na cha sita. Miaka miwili hiyo ilikuwa daraja. Humo ndimo alimoshikishwa hisabati ya juu na fizikia kwa pamoja, hata alipofika chuo kikuu alikuta mgeni anayemfahamu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka wa 1985, uliliondoa daraja lile na kuongeza mwaka mmoja wa chuo, shahada nyingi zikawa za miaka minne badala ya mitatu. Katika karatasi hesabu ilionekana kuwa sawa. Waama, haikuwa sawa, maana kazi ya miaka miwili ilitwikwa mwaka mmoja, tena mwaka ambao kijana anajifunza pia kupika, kufua na kuishi mbali na kwao kwa mara ya kwanza.

Tulipoingia mabwenini tulikutana na wenzetu wa mfumo wa zamani. Niliishi chumba kimoja na mmoja wao, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na nakala kuukuu ya kitabu cha fizikia cha Nelkon na Parker, kile ambacho vizazi vya kidato cha sita vilikitumia karibu kama msahafu. Nilipokifungua nikaona alama za hisabati nisizozijua, nikakifunga. Kesho yake nilikwenda kujiandikisha katika kozi nyepesi. Chuo chenyewe sitakitaja, kwani hakikunilazimisha. Lakini pia hapakuwa na mtu katika idara ile aliyeniuliza nataka kuwa nani baadaye. Karani aligonga muhuri, nikaenda zangu.

Mwaka wa kwanza niliupita vizuri mno. Mwaka wa pili nilipotaka kusoma umeme na sumaku, niliambiwa sina msingi. Nililazimika kurudi nyuma, nikakaa darasa moja na walionifuata, nikajifunza mambo niliyoyakimbia. Njia ya mkato ilinigharimu mwaka mzima. Kwa hiyo mama yule aliponiuliza, nilikuwa nikijiona mimi mwenyewe mbele ya dirisha la karani yule.

Badala ya kumjibu mama, nilimwomba binti kalamu, tukageuza bahasha.

"Babako huendesha boti?" nikamwuliza. Akaitikia. Nikamwambia tuseme boti inakwenda mita 4 kwa sekunde, kisha babako anazima injini. Katika sekunde ya kwanza maji yanaipunguzia mwendo kwa mita 0.4 kwa sekunde. Itakwenda umbali gani kabla ya kusimama?

Hakusita. Alinukuu kanuni aliyofundishwa kidato cha tatu, akaandika, akapiga mstari chini ya jibu: boti itasimama baada ya sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 20. Katika mtihani wa kitaifa angepewa alama zote.

"Na boti ya babako," nikamwuliza, "husimama hivyo kweli?"

Akacheka. Alinieleza kwamba boti ikizimwa injini huteleza, huteleza tena, na vijana huizuia kwa upondo isije ikapanda juu ya nyingine. Mtoto huyu amekulia ziwani. Alijua jibu la darasani halikuwa la kweli, lakini hakuna aliyewahi kumwomba ayaweke maarifa yale mawili pamoja.

Siri ni kwamba kanuni ya kidato cha tatu hudhania kwamba maji yanaizuia boti kwa kani ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Maji hayafanyi hivyo. Boti ikienda kwa kasi huyasukuma maji kwa nguvu, nayo huisukuma kwa nguvu. Ikipunguza mwendo, kizuizi nacho hupungua. Basi nikamwambia achukulie kwamba kila sekunde boti inapoteza sehemu moja ya kumi ya mwendo iliobaki nao, si ya ule iliyoanza nao. Akaandika: 4, kisha 3.6, kisha 3.24, kisha 2.92, akaendelea hivyo hadi bahasha ikaanza kujaa. Alipofika sekunde ya 10, wakati ambapo kanuni ya shule inasema boti imekwisha kusimama, yake ilikuwa bado inakwenda karibu mita 1.4 kwa sekunde, na imekwisha kupita mita 26. Tulipojumlisha mfululizo ule wote, jibu lilizidi kuikaribia mita 40 bila kuivuka. Hiyo ni maradufu ya jibu lililopigiwa mstari.

"Lakini Mwalimu," akasema, akiangalia tarakimu zilizokuwa zikinyong'onyea, "kwa hesabu hii haisimami kabisa!"

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mtoto yule, kwa kalamu ya kuazimwa na bahasha, alikuwa ameligusa tatizo lililowahi kuwakosesha usingizi wanahisabati wa kale. Nilimwambia kwamba tukikata sekunde vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, hadi visiweze kuonekana, kazi aliyoifanya ndiyo iitwayo kalkulasi, wala si jini. Hata katika silabasi ya hisabati ya kidato cha nne imo kidogo, ila huwekwa mwishoni kabisa, majira ambayo mitihani ya majaribio imebisha hodi na walimu wanakimbizana na muda. Wengi hufundishwa jinsi ya kupata jibu, wakaachwa wasijue jibu ni la swali gani.

Hapo ndipo tofauti ya kozi zile mbili ilipo. Kozi nyepesi itakwambia, tuchukulie kizuizi hakibadiliki, na itaendelea mbele. Ile nyingine itakwambia, kizuizi kinabadilika, hebu tukifuate. Siidharau ile ya kwanza. Muuguzi anahitaji kujua shinikizo la damu ni nini na lenzi ya darubini inafanya kazi vipi. Afisa wa kilimo anahitaji kujua kwa nini pampu haiwezi kufyonza maji kutoka kina chochote apendacho. Kwao kozi hiyo ni njia yao halali, na wanaoifundisha vizuri wanafanya kazi kubwa. Lakini kwa mtu atakayesimama mbele ya watoto akajiita mwalimu wa fizikia, ni nusu ya mkate. Mtoto mwerevu wa Nyatike au Suba atamwuliza kwa nini boti haisimami pale kanuni isemapo, naye hatakuwa na jibu ila kumwambia akariri.

Ama kuhusu ushauri kwamba binti aachane na fizikia kabisa, achukue biolojia na kemia, tuangalie tunachokifanya. Kila mwaka watahiniwa wa fizikia katika KCSE ni wachache mno wakilinganishwa na wa biolojia na kemia. Fizikia si ya lazima, na shule nyingi huwaruhusu wanafunzi kuiacha baada ya kidato cha pili. Wasichana ndio huiacha kwa wingi. Shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia haiwezi kuwa na watahiniwa wengi, isiyokuwa na watahiniwa haitoi wanaokwenda kuisomea chuoni, na wasiokwenda chuoni hawarudi kuwa walimu. Hapa kwetu, katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo sasa ni kaunti za Migori na Homa Bay, nimezunguka shule za kutwa ambako mwalimu mmoja hufundisha hisabati, fizikia na kompyuta, na siku akiugua masomo matatu huugua pamoja naye. Kisha anatokea msichana mmoja wa Mbita aliyepata alama nzuri katika somo hilo hilo, nasi wazee tunakusanyika kumshawishi asilifundishe!

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila mtoto arushwe kwenye kina kirefu. Wapo walionifuata wakanieleza kwamba walichukua kozi ngumu kwa ajili ya sifa tu, wakitaka kuonekana wanaume mbele ya wenzao, wakazama. Ugumu peke yake hauna faida. Mwaka wa 1992 wataalamu kadhaa wa Marekani, David Hestenes akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio fupi la maswali ya kuchagua kuhusu kani na mwendo. Maswali yale hayana hesabu hata kidogo. Yanamwuliza mwanafunzi mambo kama vile gari zito likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma lingine kwa nguvu zaidi. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo, akiamini yatakuwa mchezo kwao. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kama ajibu kwa jinsi walivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri yeye mwenyewe. Mazur alishtuka. Wanafunzi wake walikuwa na uwezo wa kupiga hesabu ndefu za kozi ngumu, na bado wengi wao waliuona ulimwengu kama walivyouona kabla ya kuingia darasani. Kuanzia hapo aliacha kuhubiri muda wote wa kipindi, akaanza kuwauliza maswali na kuwataka wabishane wao kwa wao kabla ya yeye kutoa jibu.

Kwa hivyo kozi ya kuchagua si ile inayotisha zaidi. Ni ile ambayo mwanafunzi atalazimika kufikiri ndani yake, na ambayo atapewa muda wa kufikiri.

Neno hilo muda ndilo linalonikera katika vyuo vyetu. Katika chuo cha MIT huko Marekani, ambako kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza sharti asome fizikia, awe atakuwa mhandisi au mwanauchumi, somo la mwendo na kani hufundishwa kwa njia zaidi ya moja. Ipo kozi ya kawaida, iitwayo 8.01. Ipo nyingine, 8.012, kwa wale waliokuja wakiwa wamekwisha kuiva. Na ipo ya tatu, 8.01L, inayofundisha mambo ya ile ya kawaida lakini kwa mwendo wa taratibu, ikiendelea hadi mwezi wa Januari baada ya muhula kwisha. Zingatia, ndugu msomaji: anayechukua ile ndefu hapewi fizikia pungufu. Kalkulasi ni ile ile, kani ni zile zile. Anachopewa zaidi ni wiki. Chuo kinachosifika duniani kwa uhandisi hakikuona haya kukubali kwamba vijana hawakutoka shule zinazolingana.

Sisi je? Sisi tunajua fika kwamba mtoto mmoja ametoka shule ya kitaifa yenye maabara tatu, na mwingine ametoka shule ya kutwa ambako ammita ni moja na huzungushwa meza hadi meza kama sahani ya sadaka. Tunawaweka katika ukumbi mmoja wa watu mamia kadhaa, tunawapa muhula mmoja, kisha yule wa pili akianguka tunasema kwamba sayansi haimo ndani yake. Ingekuwa mimi ndiye mwenye sauti, ningevitaka vyuo vyote, vikiwemo vile vilivyo karibu nasi, Rongo huko Migori na Tom Mboya hapa Homa Bay, viwe na kozi ndefu ya aina hiyo. Mtu asome fizikia kamili kwa mihula miwili badala ya mmoja, bila kuitwa mwanafunzi wa marudio. Haihitaji majengo mapya. Yahitaji ratiba na unyenyekevu. Haraka haraka haina baraka, na tumelisema hilo kila mahali isipokuwa kwenye kumbi za mihadhara.

Maadamu kozi hiyo haipo, binti alipaswa kuijenga mwenyewe. Nilimwuliza kama kozi ya hisabati ya mwaka wa kwanza inafundishwa muhula ule ule wa fizikia au baadaye. Alikuwa hajui. Nilimwambia hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla ya kuuliza kozi ni ngumu kiasi gani, kwa sababu nimeona vijana wakitakiwa kutumia kalkulasi mwezi wa Septemba ilhali mhadhiri wa hisabati ataifikia Novemba. Nilimwambia pia asiamini sana kile kijitabu chenye picha za maua na majengo ya ghorofa. Awatafute wanafunzi wa mwaka wa pili, awaulize mambo mawili matatu ya kawaida: je, maabara hufunguliwa kila wiki au hufunguliwa wakaguzi wanapokuja? Je, karatasi za kazi hurudishwa zikiwa zimesahihishwa? Je, mhadhiri akiulizwa swali hujibu au hukasirika? Majibu ya maswali hayo yanaeleza kozi kuliko jina lake.

Kuhusu maabara nitasema zaidi kidogo, maana hapo tumezoea kudanganyana. Karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE ni ya majaribio, na wapo watoto wanaoshika springi, lenzi na voltimita kwa mara ya kwanza wiki ya mtihani. Hupita, kwa sababu wamekariri umbo la grafu. Mtoto wa namna hiyo akifika chuoni huamini kwamba kipimo ni kitu kilichoandikwa kitabuni. Hajui kwamba ukipima jambo moja mara tano utapata majibu matano, na kwamba fizikia huanzia hapo, katika kuamua lipi uliamini na kwa kiasi gani. Kozi yoyote ya mwaka wa kwanza isiyomtia mwanafunzi katika mashaka hayo haifai, hata ikiwa imejaa kalkulasi kutoka jalada hadi jalada.

Mama alikuwa akitusikiliza muda wote. Akauliza swali ambalo nalisikia kila mwaka, nami silichoki: hiyo fizikia ya juu itamsaidia nini mtu wa hapa? Si ni elimu ya Wazungu?

Nilimwambia aende Thimlich Ohinga, kule Migori. Kuta zile za mawe, ambazo yaelekea zilijengwa katika karne ya 16 na ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Hazina saruji wala udongo wa kuzishikamanisha. Wajenzi waliinua uso wa nje na uso wa ndani, wakajaza mawe madogo katikati, kila jiwe likikaa juu ya wenzake kwa uzito wake na msuguano tu. Ukichukua jiwe moja la ukuta ule na kuuliza ni kani zipi zinalishikilia, zinaelekea wapi na kwa nini haliporomoki, umeingia katika wiki ya tatu ya kozi ya fizikia ya chuo chochote duniani. Wajenzi wale hawakuwa na alama za kuandikia kani, lakini ukuta umesimama, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu baadhi ya madarasa yaliyojengwa juzi kwa fedha za umma.

Tena kuna mambo ya leo. Katika vilima vya Ruri, hapa hapa Homa Bay, wanafizikia wa Kenya wamepima mionzi ya asili itokayo mawe ya pale, wakakuta inazidi wastani wa dunia. Watu wanaishi pale na kujengea mawe yale. Nani atakayewaeleza, kwa lugha wanayoielewa, mionzi hiyo maana yake nini, ni kiasi gani cha kutia hofu na kiasi gani si chochote? Mwaka wa 2023 ilitangazwa kwamba zana za mawe zilizofukuliwa Nyayanga, katika rasi ya Homa, zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi. Umri huo haukuandikwa juu ya jiwe. Ulipatikana kwa njia ambazo baadhi yake ni fizikia tupu, mojawapo ikiwa ni kusoma mwelekeo wa usumaku wa dunia uliohifadhiwa katika tabaka za udongo. Na usiku, mama, ukitazama taa za wavuvi wa omena zilivyotapakaa ziwani kama mji mwingine, kumbuka kwamba waliohama kutoka karabai hadi taa za betri na sola walikuwa wakifanya hesabu ya nishati, wapende wasipende.

Mama hakusema kama ameridhika. Alisema kwamba mumewe alipata kuuziwa betri mbovu mara mbili, na kama fizikia ingemzuia kuibiwa mara ya tatu basi si haba.

Kuna jambo la lugha pia, nilitaje kwa kupita. Binti yule aliielewa boti kwa Kijaluo, akaijadili nami kwa Kiswahili na akaipigia hesabu kwa Kiingereza. Maneno kama kani na mchapuko, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wameyatia katika kamusi, hata walimu wetu wengi hawayajui. Sidai kwamba tubadilishe lugha ya kufundishia kesho asubuhi. Nasema tu kwamba mwanafunzi anapokwama, ni vyema ajaribu kulieleza tatizo lake kwa lugha ya nyumbani. Asipoweza kulieleza kwa mamake, huenda hakulielewa kwa Kiingereza pia.

Isitoshe, uchaguzi wa namna hii sasa unashuka chini. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, mtoto huchagua mkondo anapoingia sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ana miaka kumi na mitano hivi. Kilichokuwa kikimkabili binti yule mlangoni pa chuo kitawakabili wadogo zake kabla hawajaota ndevu, na watakaowashauri ni sisi sisi, wenye hofu zetu za zamani. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia itamwambia mtoto kwamba mkondo wa sayansi haumfai, ilhali ukweli ni kwamba shule ndiyo isiyoufaa mkondo huo.

Giza lilipoingia binti aliitoa fomu, akaiweka juu ya meza ya muuza samaki, akajaza: Fizikia na Hisabati. Mbele ya kozi ya mwaka wa kwanza alitia alama penye ile isomwayo pamoja na kalkulasi. Mkono haukumtetemeka. Uliotetemeka ni wa mamake, aliyeomba asomewe kilichoandikwa mara mbili, kisha akauliza kama kinaweza kubadilishwa baadaye. Nilimwambia ukweli, kwamba kwa kawaida vyuo huruhusu mabadiliko wiki za mwanzo, na kwamba ni rahisi zaidi kushuka kutoka kozi nzito kwenda nyepesi kuliko kupanda. Hilo lilimtuliza kuliko habari zote za Thimlich na Ruri.

Sina hakika kwamba atapita. Ninawajua wenye vichwa vizuri kuliko chake waliokwama, na sitakuwa pale ukumbini kumshika mkono. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Nilimpelekea kile kitabu cha Nelkon na Parker, ambacho yule mwenzangu wa chumba aliniachia siku alipomaliza masomo, na ambacho sasa hakina jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Mama alitaka kujua kitarudishwa lini. Nikamwambia kisirudishwe kabla binti hajamaliza umeme na sumaku.